Kuwapiga Picha Wadudu Wadogo Asubuhi za Baridi Kabale

Milima ya Kigezi haina majira ya theluji, lakini katika mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai huwa na ukungu na baridi ya kumfanya mpiga picha ajitande shuka, na baridi hiyo hiyo ndiyo inayomfaa, kwa kuwa joto la mwili wa mdudu hufuata hali ya hewa na hawezi kuchangamka kabla jua halijampata. Anza saa moja asubuhi.

Penye majani yaliyooza chini ya migomba unyevu hudumu hata wakati wa kiangazi. Chukua konzi moja, uikung'ute taratibu juu ya sahani nyeupe, kisha usubiri. Vidoa ulivyodhani ni udongo vitaanza kutembea. Ukikigusa kimoja kwa ncha ya unyasi, nacho kikaruka ghafla ilhali hakina mabawa, huenda umempata kolembola, ambaye kwa kawaida ana urefu wa milimita 1 hadi 3. Chini ya tumbo lake mna mkia wenye panda, uliokunjwa kuelekea mbele. Ukifyatuka hupiga chini na kumrusha juu.

Lenzi ya makro ya 1:1, yaani inayomwonyesha mdudu kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi, inatosha kuanzia, na hata lenzi ya kubana kwenye simu hutoa picha za kuridhisha. Tatizo kubwa ni kina cha sehemu inayoonekana wazi: kwa 1:1 na tundu la kupitisha mwanga la f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kina hicho ni kama milimita moja tu. Kwa hiyo usihangaike na pete ya kulenga ya lenzi. Egemeza viwiko, yumbisha mwili polepole mbele na nyuma, na upige jicho la mdudu linapokuwa wazi. Kulifinya tundu kupita f/16 hakusaidii, kwani picha nzima hufifia. Mwanga wa flashi upitishe kwenye karatasi nyeupe nyembamba, la sivyo mgongo wa mdudu utang'aa kama bati.

Niliwahi kurudi nyumbani na picha arobaini za kiumbe mmoja mviringo, nzuri kweli, zote zimepigwa kutoka juu, nisiweze kumtambua kwa sababu mkia na idadi ya miguu havikuonekana. Tangu hapo kila mdudu nampiga kutoka juu, ubavuni na usoni, tena pamoja na kipande cha rula.

Katika kutambua, hesabu miguu kwanza, lakini usiishie hapo. Utitiri waliokomaa wana miguu minane, ila watoto wao wana sita, na hao huwadanganya wengi. Angalia vipapasio, kwa maana utitiri hawana kabisa. Vidukari wengi wana vijibomba viwili karibu na mwisho wa mgongo. Kolembola wana vipapasio vifupi vyenye pingili chache, mara nyingi nne, nao siku hizi wataalamu wengi hawawahesabu kuwa wadudu halisi, kwa kuwa sehemu za kinywa chao zimefichwa ndani ya kichwa.

Weka karatasi laini iliyoloweshwa maji pembeni mwa sahani, kwani kolembola hukauka upesi chini ya taa, na ukimaliza uwarudishe pamoja na majani yao palepale ulipowatoa.