Kutambua Muundo wa Yabisi kwa Vitu vya Nyumbani

Mwanafunzi anayetaka kuelewa yabisi, yaani vitu vigumu visivyo kimiminika wala gesi, asianze kwa kukariri jedwali, bali atafute vitu vinne vinavyopatikana madukani kote Mombasa: chumvi ya mawe, sukari, kipande cha waya wa shaba na penseli laini. Vyote ni vigumu mkononi, lakini vinatofautiana kwa aina ya chembe zilizomo ndani na nguvu inayozishikanisha.

Anza na nyundo. Funga punje ya chumvi katika kitambaa, uigonge taratibu, kisha uvitazame vipande kwa lenzi. Utaona nyuso bapa na pembe za mraba. Katika fuwele hiyo, yaani yabisi ambayo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, kila ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloridi, na kila ya kloridi na 6 za sodiamu, kwa hiyo pigo likisogeza tabaka moja kidogo tu, ioni zenye chaji sawa hukabiliana, zikasukumana, na fuwele ikapasuka kwa mstari ulionyooka. Waya wa shaba hubapika tu, kwa sababu elektroni zake huru huendelea kuzishikanisha atomi hata tabaka zinapoteleza.

Pili ni joto. Pasha sukari na chumvi katika kikaango kikavu, kila moja upande wake, na uweke uso mbali, kwani chumvi ya mawe hupasuka na kurusha vipande. Sukari, ambayo ni yabisi ya molekuli, yaani molekuli zake hushikana kwa nguvu dhaifu kuliko ioni za chumvi, huyeyuka na kuungua ikifika takriban nyuzi 186 za Selsiasi. Chumvi huhitaji nyuzi 801, hivyo itabaki vilevile.

Jaribio la umeme ndilo linalofundisha zaidi, na pia ndilo linaloharibika kwa urahisi zaidi. Tumia betri tatu za tochi na glopu ndogo, kamwe usitumie umeme wa ukutani. Chumvi huvuta maji hewani unyevu unapozidi takriban asilimia 75, jambo la kawaida hapa pwani wakati wa masika, na chumvi iliyolowa hupitisha umeme. Basi ikaushe kwanza kikaangoni na uiache ipoe. Ikiwa kavu, glopu haitawaka, maana ioni zimefungwa mahali pake. Iyeyushe katika maji, na hata glopu isipowaka, utaona viputo kwenye ncha ya waya wa upande hasi. Risasi ya penseli, iliyochongwa pande zote mbili, huwasha glopu kwa mwanga hafifu: ndani ya grafiti, yaani kaboni iliyomo katika risasi hiyo, kila atomi ya kaboni imeungana na nyingine 3, na elektroni inayobaki husafiri katika tabaka. Katika almasi, ambayo pia ni kaboni, kila atomi imeungana na 4, kwa hiyo hakuna elektroni ya kusafiri.

Anayetaka kuongeza mchanga wa ufuo wa Nyali kama mfano wa silika (muungano wa silikoni na oksijeni) audondoshee siki kwanza. Ukitoa povu, una kalsiamu kaboneti ya matumbawe. Abadilishe siki mpaka povu liishe, ausuuze, aukaushe, ndipo aupime.