Kabla mji wako haujasaini tena leseni ya kebo

Nina futi ya chuma ya fundi seremala, ile inayojikunja yenyewe, urefu wake futi 25. Asubuhi moja ya baridi, nimetoka zamu ya usiku na sare yangu ya kazi bado mwilini, nilipima kutoka nguzo ya barabarani hadi ukuta wa nyumba tunayopanga. Mwanangu alishika ncha, mimi nikawa naweka alama kwenye theluji kwa kisigino. Mara nne kamili, na kipande cha futi 18. Jumla futi 118.

Kampuni ya kebo ilikuwa imeniambia kwenye simu kwamba nyumba yetu iko mbali, nilipe dola 900 ndipo wavute waya. Niliamini, kwa sababu Tanga nilikotoka, fundi akisema mbali ni mbali. Aliyenifungua macho ni mwenzangu kazini: "Dada, umesoma leseni yao na mji?" Sikujua hata kama kuna leseni.

Ipo. Hapa jimbo la Massachusetts, Marekani, kampuni haipitishi waya wa kebo kwenye barabara za mji bila leseni. Kwenye miji midogo inayoisaini ni bodi ya mji, kwenye majiji ni meya au meneja wa jiji. Nenda kwa karani wa mji uombe nakala, ni hati ya umma, wala huulizwi una makaratasi gani ya uhamiaji. Ukiona aibu kwenda, leseni hizo huwekwa pia kwenye tovuti ya idara ya jimbo inayosimamia simu na kebo. Yetu ina kurasa nyingi za kuchosha. Mimi nilisoma sehemu tatu tu: tarehe ya kuisha, habari ya kufungiwa waya nyumbani, na ile iliyoandikwa "line extension", yaani kurefusha waya hadi mitaa usikofika.

Kwenye habari ya kufunga waya ndimo nilimokuta dola zangu 900. Kanuni za FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ambazo leseni yetu inazitaja, zinasema nyumba iliyo ndani ya futi 125 kutoka kwenye mtandao uliopo ni ufungaji wa kawaida, na ufanyike ndani ya siku 7 za kazi. Fundi akikupa miadi, asikuweke ndani kusubiri zaidi ya saa 4. Niliandika barua pepe kwa ofisi ya mji, nikaambatanisha picha za futi kwenye theluji. Waya ulifika, na nililipa bei ya kawaida.

Lakini kuna mtego, usiupite. Leseni hii ni ya televisheni, si ya intaneti. Sheria ya kebo ya mwaka 1984 inauruhusu mji kuitoza kampuni ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya televisheni, na kudai mambo ya televisheni. Bei ya intaneti mji hauipangi kwa leseni hii, wala kasi yake. Nilihudhuria mkutano wa hadhara, baba mmoja akamaliza dakika zake zote tatu akifoka juu ya bili yake ya intaneti. Bodi ilimsikiliza kwa heshima, ikamshukuru, ikamwita anayefuata. Nilimhurumia.

Kwa hiyo dai waya. Waya ukiingia ndani, intaneti inapita humo humo. Mimi niliomba kifurushi cha chini kabisa cha televisheni pamoja na intaneti, ili ombi langu liwe chini ya leseni bila ubishi. Baadaye televisheni nikaikata. Soma kwanza mkataba wako kama kukata kuna faini.

Sasa tarehe. Leseni ikikaribia kuisha, sheria ya shirikisho inafungua mlango kati ya mwezi wa 36 na wa 30 kabla ya mwisho wake: hapo ndipo mji unawauliza wakazi wanahitaji nini. Ukingoja mwaka wa mwisho utakuta wanasheria wameshakubaliana mambo mengi. Chukua tarehe ya kuisha, rudi nyuma miaka mitatu, andika kwenye kalenda ya jikoni.

Na usitegemee mji kusema "hatuwataki" basi yakaisha. Jiji la Worcester mwaka 2014, leseni ilipotaka kuhamishwa kutoka kampuni ya kebo ya Charter kwenda nyingine, Comcast, madiwani walipiga kura 8 kwa 3 kumtaka meneja wa jiji akatae. Tatizo, kanuni za jimbo zinaangalia mambo manne tu: uzoefu wa uongozi, ufundi, fedha na uwezo wa kisheria. Kuchukiwa na wateja halimo. Mpango wenyewe ulikuja kuvunjika Aprili 2015, kwa upinzani wa wasimamizi wa serikali kuu kule Washington.

Miji iliyochoka kabisa hujenga mtandao wake yenyewe. Shrewsbury, jirani wa Worcester, idara ya umeme ya mji ndiyo inayouza intaneti. Leverett, kijiji tu, wananchi walikubali mwaka 2012 kukopa dola milioni 3.6 wajivutie nyuzi za mwanga (fiber) za intaneti. Hiyo ni safari ndefu, inataka theluthi mbili ya kura kwenye mikutano miwili ya mji. Sisi bado hatujafika huko.

Sisi tuko kwenye "line extension". Mzee wetu mmoja wa Bukavu anakaa mwisho wa barabara ya vumbi, waya umeishia kabla ya kona. Kila nikimpa shikamoo ananijibu kwa swali: "Mama, huku kwetu waya itafika siku gani?" Leseni yetu inasema kampuni ivute waya bila kuwatoza wakazi palipo na nyumba 20 kwa maili. Kipande chake ni maili 0.4, kwa hiyo zinatakiwa nyumba 8. Tulizihesabu pamoja kwa miguu, nikiandika namba za milango kwenye bahasha ya bili: ziko 7.

Mkutano wa kuhuisha leseni ni Machi. Nitasimama naye nimtafsirie, na ombi letu ni sentensi moja: 20 ishuke iwe 15. Ila wiki iliyopita, mkabala na kwa mzee, tumekuta mtu anamwaga zege. Msingi wa nyumba ya nane. Nimeshaupiga picha, na kibao cha kibali cha ujenzi kinaonekana vizuri.