Kabla hujahama kanisa, nenda kaage

Mtoto wa dada yangu alinikuta nyuma ya nyumba nachambua mbaazi. Hakukaa. Akaniuliza akiwa amesimama: "Mama mdogo, wewe ulipohamia kanisa la baba, uliaga?"

Nikamwambia avute kigoda. Mchumba wake ni Mkatoliki wa Ndanda, yeye ni Mwanglikana wa hapa Masasi kama nilivyokuwa mimi, na kila mtu ana lake la kumwambia. Mjomba anasema asitoke alikobatizwa. Mashoga zake wanasema mke humfuata mume. Jirani anayesali kwenye kanisa la turubai barabara ya Nachingwea anasema kote huko ni mapokeo tu, bora aokoke. Niliyomjibu siku ile nayaandika hapa, kwa sababu tangu hapo wamekuja wengine wawili na swali lilelile, na mbaazi zangu haziishi.

Sina shule ya dini. Nimekuwa katibu wa jumuiya, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, miaka kumi na moja. Mimi ndiye ninayeandika barua za utambulisho, daftari la zaka na daftari la misiba, kwa hiyo wanaokuja huja kwangu na wanaoondoka huondoka mbele ya macho yangu. Wengi wao hawaagi.

Angalia kwanza ni mwezi gani

Unacheka, lakini huku kwetu jambo hili lina msimu. Mwezi wa sita na wa saba watu wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, hakuna anayegombana na kanisa. Mnada wa korosho ukifunguliwa, Oktoba kuelekea Novemba, ndipo bahasha zinapotoka: zaka, ahadi ya ujenzi, gari la parokia, harambee ya kwaya. Hapo ndipo utasikia "mimi kanisa lile basi". Ukinijia na neno hilo mwezi wa kumi na moja, nakwambia njoo Februari. Ukija Februari ukiwa na neno lilelile, tutazungumza.

Mdogo wangu wa mwisho hakungoja Februari. Ilikuwa 2018, mwaka ule serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kuzisomba maghalani. Bei ilikuwa nzuri. Fedha ndizo zilizochelewa, wengine wakavuka mwaka wakiwa na stakabadhi mkononi na mfukoni hamna kitu. Katikati ya hali hiyo, kwenye kanisa lao la kijijini, mzee mmoja akasimama baada ya matangazo akasoma majina ya ambao hawajatimiza ahadi. Mdogo wangu alikuwa wa tatu. Akainuka, akachukua kofia yake dirishani, akatoka. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye turubai.

Simlaumu kwa kutoka. Kusomwa jina namna ile ni kuvuliwa nguo hadharani. Ila alitoka bila neno na mtu yeyote, hata na mama, ambaye alikuwa amekaa benchi la pili siku ile na akabaki anatazama mlango. Mama alifariki baada ya miaka miwili. Mdogo wangu ndiye mwenye sauti katika ukoo wetu, tangu utoto ndiye msomaji, na wasifu wa marehemu ulikuwa wake. Siku ya maziko alisimama chini ya mwembe nje ya kanisa, karatasi ameikunja mara nne. Hakuna aliyemzuia kuingia. Katekista alitoka mwenyewe kumwita. Miguu ilikataa. Wasifu ukasomwa na shemeji yetu ambaye hata jina la ukoo wa mama alilikosea.

Ndiyo maana naanza na kuaga kabla ya kingine chochote.

Jiulize unamkimbia nani

Kuna swali moja ninalomuuliza kila anayekuja: huyo aliyekuudhi akihamishwa kesho, bado utaondoka? Mapadri huhamishwa, wazee wa kanisa huchaguliwa na kumaliza muda wao, mwenyekiti wa jumuiya naye atachoka. Kama jibu ni "hapana, ningebaki", basi ugomvi wako ni na mtu, na ugomvi wa mtu husemwa kwa mtu. Nenda na shahidi mmoja, jioni, nyumbani kwake. Usiende ofisini kwake.

Kama jibu ni "ndiyo, bado ningeondoka", hilo ni jambo la imani na mimi sina la kukuzuia. Katiba yetu, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kubadilisha dini au imani yako, na hakuna barua ya katibu wa jumuiya inayoweza kuuondoa. Ila pima bila haraka. Hudhuria huko unakotaka kwenda miezi mitatu hivi, na uende siku isiyo na mkutano wala wageni, Jumapili ya mvua yenye watu ishirini. Kanisa linajulikana siku ile.

Kama ni kumfuata mwenzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopita mwenyewe.

Sisi Wamakua, kama Wayao na Wamakonde, mtoto ni wa upande wa mama, na zamani mwanamume ndiye aliyehamia ukweni akajenga huko. Babu yangu alimfuata bibi na kapu lake na shoka. Kwenye mambo ya kanisa tumegeuza, mwanamke ndiye anayefuata, na tunasema ndiyo mila. Nilimwambia mpwa wangu hivyo akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akanyamaza.

Mwaka 1989 hakuna aliyenieleza kwamba sikulazimika kuhama. Mkatoliki anaweza kumuoa Mkristo aliyebatizwa wa kanisa jingine bila huyo mwenzake kubadili chochote. Inaitwa ndoa ya mseto. Ruhusa huombwa kwa askofu kupitia paroko. Mkatoliki ndiye anayeahidi: kwamba atashika imani yake, na atafanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wewe usiye Mkatoliki huapishwi, unatakiwa tu kuijua ahadi hiyo. Usiichukulie kijuujuu. Mazungumzo ya watoto yafanyike sasa, kabla ya mahari, siyo siku mtoto ana wiki sita na bibi wawili wanavutana. Kama mwenzako hajabatizwa, mathalani ni Mwislamu, na huku Mtwara na Lindi hilo ni la kila siku, njia ipo lakini ni nyingine: kuna kizuizi ambacho askofu lazima akiondoe kwanza. Anza mapema.

Mkatoliki anayekwenda kufunga ndoa kanisa jingine au bomani bila ruhusa, ajue atakaporudi hataruhusiwa kukomunika mpaka ndoa irekebishwe. Nimewaandikia wengi barua za kwenda kubariki ndoa, wengine wakiwa na wajukuu.

Mimi nilihama. Nikafundishwa miezi kadhaa, nikapokelewa. Sikubatizwa upya, kwa sababu Wakatoliki wanautambua ubatizo wa Waanglikana. Kipaimara ndicho nilichopewa upya. Hilo sikulitegemea. Askofu alishaniwekea mikono nikiwa na miaka kumi na minne, mama alinishonea gauni jeupe kwa kitambaa cha deni, na sasa naambiwa nije tena kama vile siku ile haikuwepo. Padri alinieleza kwa upole kwamba Roma haitambui upadri wa Waanglikana, basi na kipaimara chao hivyo hivyo. Nilielewa. Nililia hata hivyo. Ukihamia kwa Wapentekoste ujue kinyume chake: uliyebatizwa mtoto utaambiwa uingie maji mengi. Uliza kabla, ili siku yenyewe isikukute huna moyo.

Kilichonisaidia ni harufu. Waanglikana wa Masasi ni watu wa ubani na kengele, nilipoingia kwa Wakatoliki pua yangu haikujua kama nimehama. Nyimbo ndizo zilizonisumbua mwaka mzima.

Na ukisomewa Ruthu kwenye kitchen party, "wewe uendako nitakwenda", kumbuka kwamba Ruthu hakuwa anamwambia mume. Mume alishakufa. Alikuwa anamwambia mkwewe. Mtu akitaka umfuate kwa andiko hilo, mwambie amlete mama yake.

Kuaga kwenyewe

Mwanangu wa kwanza yuko Mtwara mjini, ameokoka, na mchungaji wake aliwahi kunitolea Luka 9: yule aliyetaka kwanza akawaage watu wa nyumbani, Yesu akamjibu kuhusu mtu atiaye mkono kulima kisha akatazama nyuma. Nikamwambia mchungaji afungue na Wafalme wa Kwanza 19. Elisha alikuwa analima na jozi kumi na mbili za ng'ombe, Eliya akamtupia vazi, naye akaomba akambusu baba yake na mama yake kwanza. Akaruhusiwa. Na hakuishia kubusu, alichinja jozi ya ng'ombe, akapikia kuni za vifaa vyao, watu wakala, ndipo akafuata. Ninavyosoma mimi, aliyekemewa alikuwa anatafuta sababu ya kukawia. Elisha hakuacha jembe la kurudia. Mchungaji alisema atalifikiria. Tunapatana sana.

Fuata ngazi hii. Kwanza mjomba, hata kama hasali. Akilisikia sokoni utakuwa umemdharau, na siku ya shida ndiye utakayemtuma. Kisha wazazi. Kisha jumuiya, siku ya sala ya kawaida, baada ya kufunga. Mwisho padri au mchungaji, uso kwa uso, wala siyo kwa ujumbe wa simu. Mpe maneno machache. Mimi nawafundisha haya:

"Baba, nimekuja kuaga. Kuanzia mwezi ujao nitasali kwa fulani. Hapa nililelewa, nashukuru. Kama nina deni au nimemkosea mtu, niambiwe leo."

Basi. Usieleze makosa ya kanisa. Usihubiri. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: misiba ipo. Sentensi ya deni usiiruke, maana hiyo ndiyo inayofunga midomo nyuma yako.

Atakayekujibu vibaya, na wapo, mwitikie "asante baba" na uondoke.

Karatasi

Omba cheti cha ubatizo kabla ya kuaga, siyo baada. Siyo kwamba utanyimwa, ila ofisi hufunguliwa siku chache na karani ana shamba. Kwa Wakatoliki, jina lako liko kwenye kitabu cha parokia ulikobatizwa, na pembeni yake huandikwa kipaimara na ndoa. Ndiyo maana ukitaka kuoa, paroko hudai cheti kilichotolewa karibuni, kwa kawaida kisichozidi miezi 6, kile cha utotoni hakimtoshi. Kama ni ndoa, hesabu pia siku za serikali: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla.

Anayehama kijiji tu bila kuhama kanisa, achukue barua ya utambulisho na kadi yake ya zaka. Ni dakika kumi.

Na ukiamua kubaki

Kubaki nako kunasemwa. Wengi hubaki kwa kununa, wanakaa benchi la nyuma miaka mitano wakihesabu makosa. Ukiamua kubaki, mwambie mtu mmoja, kisha uombe kazi: kufagia, kuchota maji ya misa, chochote.

Mpwa wangu nilimkumbusha kwamba Masasi ya Waanglikana ilianzishwa na watu waliobaki. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi, wakielekea makwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika penye vilima hivi vya mawe wakaona panatosha. Mwaka 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakaja wakaivunja, misheni ikahamia Newala, na baadaye watu wakarudi tena. Wote walikuwa Wakristo, waliokwenda na waliorudi.

Mpwa wangu bado hajaamua. Ila ameshakwenda kwa mjomba.

Mdogo wangu naye alikwenda kuaga, kwa kuchelewa. Alibeba kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, akaenda kwa yule mzee aliyemsoma jina, akasema amekuja kuaga. Mzee akamuuliza anasafiri kwenda wapi. Walikaa hadi giza. Bado anasali kwenye turubai, lakini mwaka jana alipofiwa na mtoto wa kaka, masufuria makubwa yalitoka kwenye lile kanisa lake la zamani, na alikwenda mwenyewe kuyachukua.

Kwa hiyo na la mwisho kwenye orodha ya mpwa wangu nililiandika mimi mwenyewe kwa kalamu: rudisha sare ya kwaya, ufunguo wa stoo na kila sufuria la kanisa lililoko kwako, likiwa limesuguliwa hadi chini.