Betri Ugenini: Soma Namba, Achana na Jina

Mama alipokuja kunitembelea, mashine yake ya kupima presha iligoma siku ya tatu. Aliiwasha, ikaonyesha kialama cha betri kinachomweka, ikazima. Nikamwambia hilo si jambo la kuumiza kichwa, nikachomoka hadi dukani. Wakati huo Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikaomba "betri za AA". Muuzaji akanitazama. Nikarudia, nikimwonyesha urefu wake kwa vidole viwili. Akaniuliza, "Mignon?" Sikujua ananiuliza nini, nikatikisa kichwa, nikarudi mikono mitupu.

Kumbe ndizo hizohizo. Ujerumani AA ni Mignon, AAA ni Micro, ile nene ya C ni Baby na ile kubwa ya D ni Mono. Ukivuka kwenda Italia, AA ni stilo na AAA ni ministilo. Japani wanazihesabu: AA ni namba 3, AAA ni namba 4. China nao wanazihesabu, ila kwa hesabu yao wenyewe, AA ni namba 5 na AAA ni namba 7. Wala tusiwacheke, maana hata Waswahili tuna wanaosema betri na wanaosema mawe, na wote wanaelewana.

Kwa hiyo ukiwa ugenini usitafute jina. Tafuta maandishi madogo yaliyopigwa kwenye ganda la betri, kwa sababu hayo hayabadiliki ukivuka mpaka. AA ya kawaida imeandikwa LR6, AAA ni LR03, C ni LR14, D ni LR20, na ile ya mstatili ya volti 9 ni 6LR61. R maana yake ni ya mviringo. Herufi inayotangulia inakuambia kilichomo ndani: L ni alkalini, F ni lithiamu isiyochajiwa, H ni ya nikeli inayochajiwa. Ukikuta R6 peke yake, bila herufi mbele, hiyo ni ya zinki na kaboni. Ni rahisi, inafaa saa ya ukutani na rimoti, lakini ukiitia kwenye kifaa chenye mota itakuaga mapema.

Siku ya pili nilirudi dukani na betri kuukuu mfukoni, nikaiweka juu ya kaunta, biashara ikaisha bila neno. Hadi leo hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Kama huwezi kuibeba betri yenyewe, fungua kifuniko upige picha ya maandishi yaliyo ndani pamoja na betri zikiwa mahali pake.

Kuna maneno mawili ya kuchunga hata ukiijua namba. Ujerumani, Batterie ni ya kutumia na kutupa, na inayochajiwa huitwa Akku. Ufaransa, ya rimoti ni pile. Ukisema batterie wanaweza kudhani gari lako limegoma kuwaka.

Zile za kidonge

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa sababu zote zinafanana. CR2032 na CR2025 zote ni za lithiamu, zote volti 3, zote zina upana wa milimita 20. Tarakimu mbili za kwanza ni upana, mbili za mwisho ni unene: 32 ni milimita 3.2, na 25 ni milimita 2.5. Niliwahi kutia 2025 kwenye ufunguo wa gari uliotaka 2032. Mezani ulifanya kazi vizuri. Nilipoutia mfukoni ukaanza kukata na kurudi, kwa sababu betri ilikuwa inacheza ndani na kuachana na kibati cha kupitishia umeme. Ukifanya kinyume chake, yaani kulazimisha nene mahali pa nyembamba, unakipinda hicho kibati, na siku nyingine hata betri sahihi haitashika.

Jamaa wa LR44 na SR44 wana umbo moja, upana wa milimita 11.6 na unene wa 5.4. LR ni alkalini, na nguvu yake hushuka taratibu kadiri unavyoitumia. SR ni ya oksidi ya fedha, hushikilia volti zake karibu hadi mwisho. Kwa mwanasesere wa mtoto chukua yoyote. Kwa kifaa kinachopima, lipia SR. Usishangae ukikuta LR44 imeandikwa AG13 au A76, au SR44 imeandikwa 357. Hayo ni majina ya utani tu.

Baadhi ya CR2032 siku hizi hupakwa kitu kichungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Jambo jema, ila utando huo wakati mwingine huzuia umeme kupita, hasa kwenye vifaa vidogo vya kufuatilia mizigo. Ukiweka betri mpya na kifaa kikakaa kimya, tafuta isiyopakwa kabla hujakitupa. Na hizi betri zifiche mbali na watoto hata zikiwa zimekwisha. Ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2. Ukishuku mtoto ameimeza, nenda hospitali hapohapo, usikae ukisubiri dalili.

Waliolipatia jambo hili ni watengenezaji wa betri za mashine za masikioni, zile za kusaidia kusikia. Wana rangi, na rangi ni zilezile kila nchi: ukubwa wa 10 ni manjano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 buluu. Kama una mzee anayesafiri, mkumbushe rangi tu. Betri hizi hutumia hewa. Ukibandua karatasi yake imeshaanza kazi, na kuibandika tena hakuirudishi nyuma. Ibandue, iache dakika chache ivute pumzi, ndipo uitie.

Zinazochajiwa

Betri ya nikeli, HR6, ina volti 1.2 badala ya 1.5. Vifaa vingi havijali. Vingine huiona kama betri iliyokwisha nusu, na mashine ya mama ilikuwa ya aina hiyo: nilijaribu kubana matumizi kwa kumpa zangu za kamera zilizotoka kwenye chaja muda huohuo, nayo ikamwonya kwamba betri ziko chini. Soma maelezo ya kifaa. Yakisema alkalini, mpe alkalini.

Hatari kubwa zaidi ni betri iitwayo 14500. Ina umbo la AA kabisa, lakini ni ya lithiamu-ayoni yenye volti 3.7. Ukiziweka mbili mahali pa AA mbili, kifaa kilichotarajia volti 3 kinapokea zaidi ya 7, na harufu ya kuungua ndiyo itakayokujulisha. Ndugu yake 10440 ana umbo la AAA. Na kwa wanaotumia 18650, betri nene ya lithiamu-ayoni, kwenye tochi: zile bora huwa karibu na mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji inayoingia). Ukiona imeandikwa 9,900, hiyo ni hadithi ya sungura na fisi.

Betri za kamera hazina shida. Soma namba iliyo mgongoni, kama LP-E6 ya Canon au EN-EL15 ya Nikon, uagize hiyohiyo popote ulipo.

Kabla ya kuichomeka chaja uliyohama nayo, tazama pameandikwa nini kwenye INPUT. Ikiwa ni 100–240V, unahitaji kibadilisha pini tu. Ikiwa ni 120V pekee, umeinunua Marekani, na umeme wa Ulaya wa volti 230 utaiua mara moja.

Wenye baridi kali nao wajue: alkalini hulegea kwenye theluji, ilhali FR6 ya lithiamu huvumilia hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Simu iliyopigwa na baridi iache ipate joto la chumba kwanza. Kuchaji lithiamu-ayoni ikiwa chini ya nyuzi 0 kunaiharibu kwa ndani bila wewe kuona.

Uwanja wa ndege

Betri za akiba za lithiamu na pawabenki hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Mpaka ni Wh 100 kwa kila betri (Wh ni kipimo cha nishati iliyomo). Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege, na hata ukipewa mwisho ni mbili. Zaidi ya 160 hazipandi na abiria. Kama pawabenki haijaandikwa Wh, zidisha mAh kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: ya 20,000 inatoa Wh 74, inapita. Ya 30,000 inatoa 111, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Iliyofutika maandishi inaweza kuzuiwa hata kama ni ndogo.

Masharti yanazidi kubana. Tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China. Emirates nao, tangu 1 Oktoba 2025, wanaruhusu moja tu kwa abiria, na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Angalia tovuti ya shirika lako wiki ya safari, usitegemee ulivyosafiri mwaka juzi.

Alkalini za kawaida hazina masharti hayo. Ila ile ya volti 9 ina vichwa viwili upande mmoja, na ikigusana na sarafu au funguo mkobani inaweza kupata moto. Bandika selotepu juu ya vichwa vyake. Fanya hivyo pia ikishakwisha, kabla ya kuitia kwenye lile boksi la betri chakavu ambalo nchi nyingi za Ulaya huliweka karibu na mlango wa duka.