Somo: Kupima Athari ya Mazoezi kwa Seli Tangulizi za Damu

Mwaka 1997 Takayuki Asahara na wenzake walieleza kwamba damu ya mtu mzima ina seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za ukuta wa ndani wa mishipa; ndizo tunazoziita seli tangulizi. Iwapo mazoezi huziongeza, majibu ya watafiti yamepishana, na naamini saa ya kutoa damu imechangia sana.

Hatua ya kwanza: tenganisha zoezi moja na mazoezi ya wiki nyingi. Mtu akikimbia, damu inayopita kwa kasi huchochea ukuta wa mshipa kutoa oksidi ya nitriki (gesi inayotanua mishipa), uboho huachilia seli, na hesabu hupanda kwa muda mfupi kisha hushuka. Kupanda huko hakuthibitishi kwamba mwili umebadilika.

Hatua ya pili: mshiriki apumzike zaidi ya siku mbili kabla ya kutolewa damu, kwa kuwa kwa wagonjwa ambao moyo wao hupungukiwa damu wakati wa zoezi, ongezeko limeonekana kufikia kilele kati ya saa 24 na 48. Damu ya mwanzo na ya mwisho itolewe saa ileile.

Hatua ya tatu: hesabu seli zenye alama za CD34 na VEGFR2 (protini zilizo juu ya seli) kwa pamoja, maana CD34 peke yake hubebwa pia na seli mama za damu. Seli zenye alama zote mbili ni adimu mno, hivyo mashine ya kuhesabu seli ipitishe seli laki kadhaa.

Hatua ya nne: weka kundi la kulinganisha, na dawa zisibadilishwe, hasa statini (dawa za kupunguza kolesteroli), ambazo zenyewe huongeza seli hizi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, kuna ushahidi kwa wagonjwa wa moyo?
Jibu: Upo. Mwaka 2004 Ulrich Laufs na wenzake walionyesha ongezeko baada ya siku 28 za mazoezi ya wastani kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo ambao hali yao ilikuwa imetulia.

Swali: Je, seli hizo ndizo zinazojenga mshipa?
Jibu: Si zote, ndugu. Nyingi zinazokuzwa maabara kwa siku chache zina asili ya monositi, aina ya seli nyeupe za damu. Husaidia kwa kutoa protini zinazochochea ukarabati, bila zenyewe kuwa sehemu ya ukuta. Kwa hiyo pima pia jinsi ateri ya mkono inavyotanuka damu inaporudishwa baada ya kubanwa, ndipo utajua kama ongezeko la seli limeambatana na mshipa wenye afya zaidi.