Jinsi ya kuigiza kwenye kompyuta dawa ya nano ikikutana na utando wa seli ya saratani

Wengi wakianza hii kazi wanakimbilia dawa, wanaitupia kwenye utando, halafu matokeo yakiyumba hawaelewi kwa nini. Anza na utando jamani, hapo ndo kazi ilipo.

Chukua GROMACS, programu ya kuigiza mwendo wa molekuli, ni ya bure, na Martini 3 iliyotoka 2021, yaani kanuni za jinsi molekuli zinavyovutana. Martini inakusanya kama atomu nne hivi (hidrojeni hazihesabiwi) inazifanya shanga moja, kwa hiyo unapiga hatua za femtosekunde 20 badala ya 2, na chembe ya nanomita 5 inayobeba dawa inawezekana hata kwa kompyuta moja yenye GPU (kadi ya michoro) nzuri. Muda wake ila unakimbia kuliko uhalisia, usije ukaandika "dawa imeingia kwa mikrosekunde 3" ukaishia hapo.

Sasa utando. POPC (lipidi ya kawaida ya utando) tupu haitoshi. Seli yenye afya inaificha lipidi iitwayo fosfatidilserini tabaka la ndani, seli nyingi za saratani zinaitoa nje, na ina chaji hasi, kwa hiyo chembe yenye chaji chanya inavutwa pale. Mi huwa natengeneza tando mbili kwa tovuti ya CHARMM-GUI, ya saratani yenye POPS (ndo hiyo fosfatidilserini) kidogo upande wa nje na ya afya isiyo nayo upande huo, zote na kolesteroli, maji na chumvi molari 0.15. Bila hiyo ya pili huna cha kulinganisha.

Kabla dawa haijaingia utulize utando kwa kelvini 310. Fungua faili la mdp, lile la mipangilio ya uigizaji, nenda mstari wa pcoupltype unaosema shinikizo lidhibitiwe vipi, andika semiisotropic. Ukiacha isotropic upana na kimo vinabanwa pamoja, utando unabaki umevutika na hautakuambia, faili halileti kosa lolote. Kisha endesha amri ya gmx energy, chora Box-X (upana wa kisanduku), kama mstari bado unashuka subiri, hata iwe siku nzima.

Na dawa yenyewe usiiweke kwa sura moja. Doksorubisini kwa mfano kwenye pH ya mwili nyingi yake ina chaji chanya, ila inayopenya utando kirahisi ni ile isiyo na chaji, so fanya zote mbili.

Kuisubiri ipite yenyewe ni kupoteza wiki. Ivute taratibu kuelekea katikati ya utando, chukua picha kila nanomita 0.1, kila picha iendeshe kivyake ukiwa umeishika kwa springi, halafu amri ya gmx wham iziunganishe ikupe gharama ya nishati ya kupita utando. Angalia histogramu za mahali dawa ilipokaa katika kila picha, zisipopandana kuna pengo, ongeza madirisha (yaani picha hizo) hapo. Mwisho gawa data nusu kwa nusu uchore mikunjo miwili ya nishati. Ikitofautiana kwa kilojuli kumi na kitu bado hujapata jibu, rudi urefushe yale madirisha ya kwenye vichwa vya lipidi, mara nyingi ndo yanayochelewa kutulia.