Waridi kwenye nchi ya mvua: chagua jani kabla ya ua

Hapa Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na wengi huamini kwamba mwaridi haukai kwetu. Unakaa. Kinachouua si mvua, ni majani kushinda yamelowa. Ukungu wa madoa meusi, ugonjwa unaopukutisha majani ya mwaridi, unahitaji jani bichi lilowe kama saa saba mfululizo ndipo uanze kuota. Jani likikauka mapema, umepona. Kila ninachoeleza hapa kinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Kuchagua mche

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukifika kitaluni, usivutwe na ua. Shika jani kwanza. Jani nene linalong'aa kama limepakwa mafuta kwa kawaida huhimili ukungu kuliko jani jembamba lililofifia. Halafu tazama ua lililokwisha kufunguka. Lenye petali nyingi zilizobanana hunywa maji, petali za nje hugandana, na tumba huoza kabla ya kuchanua. Lenye petali tano mpaka ishirini hivi hufunguka hata siku ya manyunyu.

Kati ya aina za mwaridi, Knock Out, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2000, inasifika kwa kuhimili madoa meusi. New Dawn ya mwaka 1930 inatambaa, inafaa uzioni. Iceberg, ile nyeupe ya Kijerumani ya mwaka 1958, imejaa kwenye bustani za Afrika Mashariki, lakini penye unyevu mwingi hupukutisha majani. Yangu niliing'oa baada ya misimu miwili, na roho iliniuma kwa sababu naipenda.

Hatua ya 2: Mahali

Jua la asubuhi, ili umande ukauke mapema. Usipande chini ya migomba: kivuli kipo, na matone yanaendelea kudondoka mvua ikishakatika. Acha hatua nzima kati ya mche na mche, upepo upite.

Hatua ya 3: Shimo

Sentimita 45 kwenda chini na upana huohuo. Udongo wetu wa volkano hupitisha maji vizuri. Wewe mwenye mfinyanzi, inua tuta kwanza. Changanya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa. Mbichi inaunguza mizizi.

Hatua ya 4: Matandazo na usafi

Tone la mvua likipiga udongo hurusha vimelea kwenye majani ya chini. Tandaza majani makavu ya migomba, ila yasiguse shina. Yale ya mwaridi yaliyoanguka na madoa yaokotwe yote, yachomwe. Usiyatupe kwenye mboji.

Hatua ya 5: Kupogoa

Mimi hupogoa mwanzoni mwa Juni. Wiki nane hadi kumi baadaye maua yanatoka, na hiyo ni Agosti, mvua imepungua. Toa matawi ya katikati, mche ubaki wazi kama bakuli, na ukate juu ya jicho (pale tawi linapochipua) linaloelekea nje.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Niko Lushoto, miwaridi yangu tayari ina madoa. Nipulize dawa gani?*

Marahaba mwanangu. Jani lenye doa haliponi. Dawa hukinga majani mapya tu. Okota yaliyoanguka, kata yaliyougua, ndipo upulize dawa ya shaba asubuhi majani yakiwa makavu. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, vaa glovu na ufunike pua na mdomo.

*Dada, nilipewa shada la waridi la Naivasha. Nikichomeka vijiti vyake vitaota?*

Vinaweza kuota, mdogo wangu, lakini waridi la shada limechaguliwa kwa ajili ya kukua ndani ya nyumba ya plastiki, ambako mvua hailigusi. Nje, huku kwetu, litaugua. Omba kijiti kwa jirani ambaye mwaridi wake umepita masika mawili bila dawa na bado una majani. Kata chenye urefu wa kalamu, chenye macho manne, uzike mawili.

*Kiangazi nimwagilie juu au chini?*

Chini, shinani, asubuhi. Ndoo moja kwa kila mche mara mbili kwa wiki inatosha, na majani yabaki makavu.